Mzigo wa mama ulipotea siku nne njiani kutoka Kigoma, leo nasafirisha dagaa kwa oda za mtandaoni. Naeleza nilivyofika hapa (uzi mrefu)

Binti_Kibirizi (mleta mada)

Mwakeye wakuu. Nimekaa humu miaka nasoma tu, leo nimeamua niandike maana kila wiki napata meseji tatu nne za vijana wananiuliza dada hiyo biashara yako ya mtandaoni uliianzaje, na wengi wanachotaka ni namba ya aliyenitengenezea websaiti tu. Jina la biashara sitaji, sijaja kujitangaza. Nitaandika kwa urefu, mwenye bando dogo aniwie radhi.

Agosti 2021 nilikuwa Dar, nauza duka la dawa muhimu Mbagala. Dada yangu kajifungua, tunaandaa arobaini ya mtoto. Mama yuko Mwanga, Kigoma mjini, akasema mjukuu wake wa kwanza hafanyiwi arobaini kwa dagaa wasiojulikana wametoka wapi. Akaenda mwenyewe Kibirizi kwa shangazi, akachagua kilo nane, akaongeza na dumu la mawese la lita tano, akapeleka stendi Masanga, akaandikiwa risiti, akanipigia: mzigo umepanda, mkaupokee Mbezi.

Nimefika Mbezi alfajiri, basi limeingia, mzigo hakuna. Kondakta anasema labda umebaki, labda umeshushwa Dodoma, ngoja niulize, chukua namba hii. Ile namba iliita mara mbili halafu ikazimwa. Siku nne wakuu. Nikitoka dukani saa mbili usiku napanda daladala mbili kwenda Mbezi kuulizia, naambiwa njoo kesho. Na mama kila siku baada ya sala ya alfajiri anapiga, neno lake ni moja, "Umefika?" Siku ya tatu sauti yake ilikuwa imeshabadilika, anauliza kwa unyonge kama vile yeye ndiye mwenye kosa. Ile sauti sijaisahau mpaka leo.

Siku ya nne mzigo ukapatikana, tena kwenye stoo ileile niliyoanza kuulizia siku ya kwanza. Dumu limevuja, mawese yameingia kwenye dagaa, kiroba kizima chekundu kinanuka. Arobaini ilishapita juzi yake.

Sasa tulieni hapa maana uzi wote umelalia hapa. Usiku ule nilichukua daftari la duka nikaandika kilichoniuma. Kwanza nikaandika mzigo kupotea. Nikakata, maana mzigo umepatikana. Nikaandika hela ya mama. Nikakata, hela ingetafutwa. Nikaandika kuchelewa, nayo nikaiangalia weee, nikaona hapana, sisi watu wa mwisho wa reli tumezoea kuchelewa toka tunazaliwa. Kilichobaki kwenye karatasi ni kwamba kwa siku nne hakuna binadamu hata mmoja aliyeniambia kitu. Kondakta angenipigia siku ile ya kwanza akasema dada mzigo wako umebaki huku, utakuja na basi la kesho, ningenuna, ningempigia mama, tungepanga mboga nyingine, yakaisha. Ukimya ndio ulionitesa. Na mama ndio uliomtesa.

Miaka yote hiyo kila nikienda likizo Kigoma narudi na maombi ya watu wa pale mtaani, niletee kilo, niletee mbili. Kwahiyo wateja walikuwepo kabla ya biashara. Septemba nikafungua grupu la WhatsApp, watu 23. Shangazi Kibirizi ananunua dagaa wabichi asubuhi mitumbwi ikirudi, anaanika kwenye chanja, sio chini. Hili la chanja msilichukulie poa. Dagaa wa kuanikwa kwenye mchanga ukimpika anakung'ata yeye badala ya wewe kumng'ata, hata umuoshe maji saba. Wa chanja anakauka hewa ikipita juu na chini, anabaki anang'aa kama fedha, na ukimkunja anakatika, hapindi.

Shangazi akipima anapiga picha mzani na kiroba vyote vionekane, kilo zisomeke. Halafu tunashona mdomo wa kiroba kwa uzi wa bluu. Viroba vingi pale stendi vimeshonwa uzi mweupe, kwahiyo wetu ukifunguliwa njiani ukashonwa tena utajulikana tu. Mteja anaambiwa toka mwanzo, ukikuta uzi sio wa bluu usipokee, nipigie palepale.

Na meseji. Nilikuwa naandika kwa mkono, mteja mmoja meseji nne: hela yako nimeipata, dagaa wako wamepimwa, picha hii hapa, mzigo umepanda basi fulani lenye namba fulani na simu ya kondakta ni hii, mzigo umefika Mbezi. Miezi minne hivyohivyo kwa kidole, namba nimeziandika kwenye daftari.

2022 ndipo nilipofanya kosa. Nikaona nimekua, nikamtafuta mtu anitengenezee apu. Laki nane na nusu. Ilikuwa na picha za ziwa, rangi nzuri, ukigusa samaki anaogelea. Watu 14 wakaishusha. Na hao 14 bado walikuwa wananitafuta WhatsApp kuniuliza "dada umefika wapi?", maana ile apu ilikuwa inajua kuuza, haijui kumwambia mtu mzigo wake uko wapi. Nilikuwa nimelipia kila kitu isipokuwa kile kilichokuwa kwenye karatasi yangu ya siku ya kwanza. Iliniuma sana, ile hela nilikuwa nimeikusanya miezi sita.

2023 nikampata dogo mmoja wa Kasulu kamaliza chuo, nikamuonyesha daftari sio picha. Nikamwambia nataka hizi meseji nne zijitume zenyewe, basi. Akatengeneza websaiti nyepesi, inafunguka hata mtandao ukiwa wa kusuasua: unachagua kilo, unalipa kwa lipa namba, unapewa namba ya mzigo. Shangazi kule ana simu ya kawaida kwa ajili ya kazi, akishapima anatuma meseji yenye namba ya mzigo na kilo, sistimu inamjulisha mteja. Picha anatuma binti yake mwenye simu janja. Laki sita, nimelipa kwa awamu tatu.

Meseji ya tano tuliiongeza baadaye na ndiyo iliyotujengea jina. Basi liliharibika kati ya Kibondo na Nyakanazi, mizigo 31 iko ndani. Kondakta akanipigia, maana tulishaelewana naye kwamba kila simu ya namna hiyo namrushia vocha. Nikawatumia wote 31: basi limeharibika, fundi yuko njiani, mzigo wako utachelewa siku moja, ukitaka hela yako jibu HELA. Nilikaa na simu mkononi nasubiri matusi. Waliojibu HELA ni wawili. Wengine wakaandika pole dada, kuna mama mmoja wa Kimara akauliza kama kondakta na abiria wamepata chakula.

Leo kipindi cha giza (siku zisizo na mbalamwezi, ndipo dagaa wanavuliwa) tunatoa mizigo kama 40 kwa wiki, tupo watu watano, nimerudi kuishi Kigoma. Maswali yaleteni.

fundi_eksel

Nimesoma yote. Hii ya kukata kata kwenye daftari ni kubwa kuliko inavyoonekana. Wengi tunasikia stori za Marekani tunabaki na kile kipande cha kusisimua tu. Mfano Drew Houston wa Dropbox, ile huduma ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, alipanda basi la kutoka Boston kwenda New York akakuta kasahau flashi, safari nzima hawezi kufanya kazi, akaanza kuandika programu palepale. Nae ni kero ya basi, kama yako! Ila kipande ambacho watu hawasimulii ni kwamba kabla kitu hakijafunguliwa kwa watu wote walirekodi video fupi inayoonyesha kitakavyofanya kazi, ile orodha ya wanaosubiri ikatoka kama watu 5,000 ikafika 75,000 kwa usiku mmoja. Na wale wa Airbnb, ile ya kupangisha vyumba kwa wageni mtandaoni, 2007 walishindwa kodi San Francisco wakatandika magodoro ya upepo sebuleni, wakapokea wageni watatu kwa dola 80 kwa usiku. Hawakuanza na apu, walianza na godoro. Wewe ulianza na kiroba na uzi wa bluu.

Binti_Kibirizi

@fundi_eksel asante sana, hiyo ya video sikuijua. Lakini ona, ile flashi ilisahaulika mara moja, na watu wengi dunia nzima wameshasahau flashi wakanuna wakaendelea na maisha. Nadhani tofauti ni yule anayekaa na ile kero mpaka ajue inauma sehemu gani hasa. Mimi bila lile daftari ningefungua kampuni ya kusafirisha mizigo, na mtaji wa gari nisingeupata mpaka leo.

Mzee_wa_Giza

Binti salaam. Mimi ni mvuvi, nimeanza na karabai, sasa hivi tunatumia taa za sola. Sina ubaya na wewe ila nina swali na nataka ujibu hadharani. Sisi tunaenda ziwani wakati wa giza, mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawaji kwenye taa, tunakaa nyumbani, bei inapanda. Sasa wanakuja watu wa mitandao wanaweka bei moja mwezi mzima, mbalamwezi ikifika wanakuja kutubana sisi na akina mama wa mwaloni ili bei yao ya mtandaoni isiharibike. Wewe unafanyaje?

Binti_Kibirizi

Shikamoo mzee wangu. Swali la haki kabisa na nashukuru umeliuliza.

Mwanzo nilikuwa na bei moja kwa mwezi, na kweli shangazi alikuwa anaumia, siku moja akaniambia "mwanangu, wewe unaongea na watu wa Dar, mimi naongea na mwezi." Toka hapo nikabadilisha. Kwenye websaiti tumeweka kalenda ya mwezi, siku za giza na siku za mbalamwezi, na bei zake mbili zimeandikwa wazi. Mteja wa Dar alikuwa hajui kabisa kama mwezi unahusiana na kitoweo chake. Alipojua, nusu yao wakawa wanaagiza wakati wa giza, na anayeagiza mbalamwezi analipa bei ya mbalamwezi bila kugomba, maana ameelezwa kabla. Akina mama wanalipwa siku ileile mzigo ukipimwa, kwa simu au mkononi, sikopi dagaa kwa mtu.

Mzee_wa_Giza

Marahaba mwanangu. Hapo nimekuelewa. Hiyo kalenda iweke na siku za upepo, akina mama wanaulizwaga sana kwa nini leo hakuna dagaa na giza lipo.

Binti_Kibirizi

Naandika hapa sasa hivi mzee, namtumia dogo leo leo.

Kaka_wa_Kariakoo

Samahani dada sio kwa ubaya, ila hiki mbona ni udalali tu uliopakwa rangi ya mtandao? Unakaa katikati unakula cha juu. Na ziwa lilipofungwa 2024 ulifanya nini, ulifunga na websaiti?

Binti_Kibirizi

Kaka yangu, nakaa katikati ndio, sikatai. Ila dalali niliyekuwa namjua mimi anakula kwa sababu wewe hujui bei ya kule na wa kule hajui bei ya huku. Mimi bei ninayomlipa shangazi imeandikwa kwenye ukurasa uleule unaoagizia, na nauli ya basi, na yangu. Mtu anaona kila shilingi imeenda wapi.

2024 ilikuwa ngumu jamani. Ziwa Tanganyika lilifungwa miezi mitatu, tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Sikupingana nalo hata siku moja, wazee hapa wanasimulia mavuno waliyokuwa wanapata zamani, ukilinganisha na sasa unaona kabisa ziwa lilikuwa linahitaji kupumua. Lakini nilikuwa na watu wanne wanaonitegemea. Aprili nikawaandikia wateja wote, tarehe fulani dagaa wanakwisha, wakirudi nitawaambia, anayetaka kujiwekea aagize sasa. Aprili ile ilikuwa ndiyo mwezi wetu mkubwa kuliko yote. Halafu miezi mitatu tukauza mawese, na dumu safari hii linafungwa mfuko wa nailoni mara mbili na linasafiri peke yake, halikai na kitu kingine kamwe. Hilo nalisimamia mwenyewe. Hatukupata faida Juni na Julai, tulilipana posho ya chakula tu. Agosti ziwa lilipofunguliwa nikatuma meseji "mitumbwi imerudi" na picha ya chanja saa moja asubuhi, ile wiki shangazi aliita majirani watatu kumsaidia kuanika.

Mwana_Uvinza

Vibali dada, usituruke hapo.

Binti_Kibirizi

Kwa haraka: jina la biashara unasajili BRELA (wakala wa usajili wa biashara) kwa mtandao, mimi nililipa elfu 20. TIN (namba ya mlipakodi) ya TRA haina malipo. Mazao ya uvuvi yana kibali na ushuru wake wa kusafirisha, nenda kwa afisa uvuvi wa halmashauri uliyopo akupe utaratibu. Ukianza kufungasha kwa lebo kama bidhaa ya dukani, hapo ni TBS (shirika la viwango), na SIDO (shirika la viwanda vidogo) watakuelekeza pa kuanzia. Na msisahau hili ambalo wengi wa mtandaoni hawalijali, ukikusanya namba za simu na majina ya watu unahusika na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Namba za wateja wangu simpi mtu, nilishafuatwa na mtu wa mikopo anataka kuzinunua, nikamkatalia.

Nyuki_Urambo

Mkuu dada, mimi niko Tabora, Urambo. Baba ana mizinga, asali tunayo nzuri ya porini, nyeusi ile ya miombo. Kero yangu ni kwamba nauza mtandaoni mara ya kwanza mtu ananunua, mara ya pili harudi. Nimeshaongea na jamaa anitengenezee apu ya wauza asali wote wa Tabora, anataka milioni moja na laki mbili. Nusu ninayo. Naomba ushauri, nimlipe?

Binti_Kibirizi

Mdogo wangu, hiyo nusu ishike kwanza, usimpe mtu. Unao wateja walionunua mara moja? Chukua kumi, wapigie simu, usiwaandikie, wapigie. Usiwauzie kitu. Waulize tu, ile asali iliishaje? Iliishaje, sio ilikuwaje, maana ukiuliza ilikuwaje watakwambia nzuri ili uridhike. Andika maneno yao kama walivyosema. Halafu rudi hapa.

Kaka_wa_Kariakoo

Dada nimerudi kusoma tena. Nilikuwa nimehukumu haraka. Naomba ile linki inboksi, mke wangu ni wa Kasulu.

Nyuki_Urambo

Nimerudi, zimepita siku tisa. Nimepiga simu kumi, wawili hawakupokea. Wanane nimeongea nao. Mmoja alihama, mmoja bado anayo haijaisha. Sita wote wamesema kitu kimoja na sikutegemea kabisa: "iliganda, ikawa na chenga chenga kama sukari." Wanne kati yao waliimwaga. Mmoja, mama mtu mzima wa Morogoro, aliniambia mwanangu mimi sikutaka kukudhalilisha kwa kukwambia umeniuzia maji ya sukari, nikaona nikae kimya tu nisinunue tena.

Dada ile asali haina hata chembe ya sukari. Asali halisi inaganda, hasa ikipata baridi, sisi nyumbani tunaiweka chupa kwenye sufuria la maji ya uvuguvugu inarudi yenyewe, hata mtoto anajua. Mimi nilidhani kila mtu anajua. Nimekaa siku mbili nafikiria watu wanamwaga asali ya baba yangu.

Binti_Kibirizi

Dah. Pole sana mdogo wangu.

Mpigie huyo mama wa Morogoro leo. Mwelekeze hiyo ya maji ya uvuguvugu, mwambie asichemshe, na mtumie chupa moja ya bure iliyoganda tayari, aiyeyushe mwenyewe jikoni kwake aone. Halafu shika simu baba yako akiwa anaiyeyusha, rekodi dakika moja, uso wake na mikono yake ionekane. Hiyo video itangulie kwa kila mteja kabla chupa haijaondoka Urambo.

Nyuki_Urambo

Nimempigia. Amenyamaza kwanza, halafu akauliza, "kumbe baba yako bado anarina mwenyewe?" Nikamwambia ndio, ana miaka 67, bado anapanda mti. Amesema nitume tatu, mbili anazilipia. Kesho asubuhi napeleka stendi. Dada ule uzi wa bluu unanunua wapi?

Binti_Kibirizi

Maduka ya nyavu, ni uzi wa kushonea nyavu. Huko Tabora sidhani kama utaupata, nitakutumia rola moja na basi la kesho linalopita Uvinza. Nitumie namba yako inboksi, likiondoka Masanga nakupa meseji.